Biskuti za Posa

Ijumaa moja mwaka 2013, Zuberi, dereva kutoka Tanga, alikwenda Al Thumama, mtaa wa mji wa Kiarabu alikofanya kazi, kuposa. Alikwenda peke yake, maana wazee wake walikuwa mbali. Arafa, mhudumu wa hoteli, aliishi huko kwa shangazi yake, Bi Fatuma. Asubuhi hiyo Arafa alioka biskuti za shayiri za kunywea chai, kwa mara ya kwanza, akazisahau ndani ya oveni huku akipiga pasi baibui.

Zuberi aliuma moja. Kitu kikalia. Akatoa kipande cha jino, akakiweka kwenye kisahani kwa adabu, akaendelea kutafuna.

"Nimekuja kumposa Arafa," alisema.

"Hilo ni jino?" aliuliza Bi Fatuma.

"Ndiyo, shangazi. Biskuti ni tamu."

Akachukua ya pili, akaichovya kwenye chai, akasubiri. Haikulainika. Akaila hivyo hivyo, kwa upande mwingine.

Arafa, aliyekuwa nyuma ya pazia, hakungoja kuulizwa.

"Shangazi, mimi nimekubali," alisema. "Mwingine wa kula biskuti hizi hatatokea."

Bi Fatuma akainuka kwenda jikoni, kumtafutia mkwe wake karafuu ya kutuliza jino.