Mistari ya Chiriku

Ofisini walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, na programu zake nazo zilikuwa na mdomo. Kwa mwaka mzima yeye na Mwalimu, mzee aliyemfundisha kazi, walikuwa wakiandika programu ya kuiga kompyuta ya zamani ya kiwanda cha nguo, ili kazi zake zihamie kwenye mashine mpya. Kila alipokwama, Chiriku alipachika mstari wa kutoa maneno kwenye skrini, ajue programu imefika wapi na imeshika namba gani.

Siku ya kukabidhi ilipokaribia, mkuu wao akaagiza mistari hiyo yote ifutwe, maana wateja hawataki kelele. Mwalimu akavuta kiti.

"Tufanye pamoja, mwanangu. Mimi nasoma, wewe unafuta."

Chiriku akashtuka. "Niachie tu, Mwalimu. Kapumzike."

"Nimechokea wapi? Fungua."

Wa kwanza ulikuwa safi: "Namba imesomwa." Wa pili vilevile. Wa tisa Mwalimu akausoma kwa sauti ileile tulivu: "Babu kasahau tena kugeuza alama ya hasi." Wa kumi na nne: "Hapa mzee alikuwa amelala."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Vidole vikaganda juu ya kibodi.

"Mbona umesimama? Futa."

Akafuta. Ukaja mwingine, na mwingine. Mwalimu hakucheka wala hakununa. Alisoma tu, kana kwamba anasoma orodha ya vipuri.

"Nisamehe, Mwalimu," Chiriku akasema. "Sikujua kama utayaona maneno hayo."

"Nani aliyekuwa anaijaribu programu kila asubuhi? Yalikuwa yananitokea mimi." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Ule wa alama ulinisaidia, nikarekebisha siku hiyohiyo. Wa kulala, nilikwenda nao nyumbani. Mwezi ule nilikuwa namuuguza mke wangu, mama yenu. Nilikuwa nasinzia kweli."

Chiriku alikosa pa kuweka macho. Alijua mama anaumwa. Ofisi nzima ilijua. Hakuwahi kuuliza.

Wakamaliza jioni. Wakaiwasha programu, nayo ikafanya kazi kimya, skrini nyeupe kama shuka. Mkuu akapita, akamsifu Chiriku kwa kazi safi. Chiriku akaitikia kichwa chini.

Mwalimu alipokuwa anafunga mkoba, Chiriku akajikaza.

"Mama anaendeleaje?"

"Anatembea kidogo sasa," Mwalimu akajibu. "Hadi mlangoni."