Ng'ombe Aliyecheua Kinu Jazz

Kila Jumapili baada ya swala ya alasiri, wapenzi wa jazi wa Bariadi hukaa kwenye duka la Hamimu la vipuri vya pikipiki, nyuma ya stendi, wakaambiana kila mmoja anasikiliza albamu gani wiki hiyo. Hamimu huweka spika juu ya rundo la matairi kwa kuwa, kwa maoni yake, matairi yananyoosha besi. Utaratibu ni mmoja: anayetaja albamu apige walau wimbo mmoja, wengine wanyamaze mpaka uishe, ndipo waanze kuuchambua. Albamu isiyoweza kupigwa haihesabiwi, hata mwenyewe aisifie mpaka jasho limtoke.

Kwa utaratibu huo, mzee Abdulkarimu, muuza kanga na vitenge, alikuwa hajahesabiwa kwa miaka. Zamu yake ikifika alisema yale yale: anasikiliza "Msimu wa Pamba" ya Kinu Jazz, kichwani mwake, kama ilivyokuwa kabla haijakatwakatwa. Kinu Jazz ilikuwa bendi ya kinu cha kuchambua pamba kilichofungwa zamani. Albamu nzima hakuna aliyekuwa nayo tena, lakini wimbo wake mmoja, "Shija Rudi", bado unapigwa redioni kila Jumamosi, na saksafoni yake watu wanaiimba kwa mdomo wakiwa wanapalilia. Abdulkarimu alisema aliyeipuliza ni yeye. Redio ilisema ni Kasmiri. Na ndani ya wimbo wenyewe, kabla saksafoni haijaanza, mwimbaji anasikika akiita, "Lia, Kasmiri, lia!"

"Kasmiri alikuwa anatikisa manyanga," alisema Abdulkarimu. "Meneja alikuwa kaka yake. Jina langu walilikata kwenye kanda, wakabandika la mdogo mtu."

"Ongeza chumvi, mzee Abdu, bado haijakolea," alijibu Hamimu, na wote wakacheka, Abdulkarimu akiwamo. Alicheka kwa adabu tu. Jambo lile lilimuuma. Marehemu mkewe, Sikuzani, alifariki akiwa amemwamini nusu, na hakuna alichokitaka duniani kama kupata mtu wa kumwamini kabisa kabla na yeye hajamfuata.

Jumapili moja baada ya pamba kuvunwa, Joyness alitangulia. Joyness ni ofisa katika ofisi za mkoa, mchaguzi sana wa sauti, na wiki hiyo alikuwa akisikiliza Wamarekani watatu waliopiga piano, besi na ngoma taratibu kama watu wanaotafuta funguo gizani. Walimsikiliza, wakamkosoa kidogo, zamu ikamfikia Bundala. Huyu ni mfugaji wa Mkula, ambaye huja kwa basi na kurudi kwa basi kwa ajili ya jazi tu.

"Mimi wiki hii nasikiliza 'Msimu wa Pamba'," alisema Bundala. "Anaipiga ng'ombe wangu."

Alieleza ilivyokuwa. Kanda aliiokota mnadani Lamadi, katikati ya makufuli na miwani iliyotumika. Akaogopa vumbi la njiani, akaitumbukiza ndani ya gunia la mashudu ya pamba aliyokuwa ameyanunua kwa ajili ya mifugo. Alifika nyumbani amechoka, akamimina gunia lote kwenye hori. Jike mwenye baka jeupe usoni akala mashudu, akala na kanda. Siku chache baadaye, alipolala chini kucheua, muziki ukaanza.

"Akilalia ubavu wa kushoto anapiga upande A," alisema Bundala. "Akigeuka, upande B."

"Stereo?" aliuliza Joyness.

"Besi inatokea sikio la kushoto, tarumbeta la kulia. Akifukuza inzi ndiyo zinachanganyika kidogo."

"Na mashudu hayaharibu sauti?" aliuliza Hamimu.

"Mashudu hapana. Ila akilamba magadi, anakwaruza."

Jioni ile Abdulkarimu alifunga duka bila kuzikunja kanga za nje, mpaka jirani akaja kumgongea nyumbani.

Kwa kuwa albamu lazima ipigwe, na ng'ombe hawezi kuletwa stendi, Jumapili iliyofuata walikwenda Mkula kwa gari la Joyness. Doto, mke wa Bundala, alikuwa ameshapanga vigoda mbele ya zizi.

"Mwadila, mayu," Abdulkarimu alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibuni, mmewahi. Ndiyo kwanza ametoka malishoni, hajaanza."

Walikaa. Jike alinusa ardhi, akakunja magoti ya mbele, akajilaza ubavu wa kushoto na kuanza kucheua. Magitaa yaliingia polepole, yakifuata mwendo wa taya. Walisikiliza wimbo wa kwanza na wa pili bila neno. Wa tatu ulikuwa "Shija Rudi". Mwimbaji aliimba beti zake, tarumbeta zikajibu, kisha akaita kwa sauti iliyo wazi kabisa, "Lia, Abdu, lia! Abdu wa Bariadi, lia!"

Mtu alisikika akivuta pumzi, na saksafoni ikaanza. Katikati ilinyamaza ghafla, mpulizaji akakohoa kikohozi kikavu, akashika tena pale pale alipoachia. Redioni hakuna kikohozi.

"Vumbi la pamba," alisema Abdulkarimu. "Studio yetu ilikuwa ghala."

Alikuwa amevunja utaratibu, lakini hakuna aliyemkemea. Wimbo ulipoisha Hamimu alisimama, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mzee wangu. Nimekucheka sana."

"Ulinicheka kwa heshima," alisema Abdulkarimu, akalia mbele yao wote bila kujificha, na ilikuwa furaha tupu. Angetamani Sikuzani awe amekaa kwenye kigoda kilichobaki kitupu.

Doto alileta maziwa ya mgando kwenye vibuyu. "Ng'ombe ana matumbo manne," alisema. "Ukikate kitu unavyojua wewe, yeye anakirudisha mdomoni, anakitafuna upya. Kunyweni."

Joyness alikuwa amerekodi kwa simu. Walipofungua njiani wakasikia kutafuna tu, na mkia ukipiga nzi. Kesho yake akapiga simu redioni. Mtangazaji alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hana sababu ya kumtilia shaka ng'ombe, ila kanda waliyonayo ndiyo waliyonayo. Jumamosi wimbo ukapigwa, akatajwa Kasmiri.

Habari zilimfikia Kasmiri mwenyewe huko Nassa, akaja kusikiliza. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na koti la suti lenye nishani ya heshima aliyotunukiwa kwa ajili ya saksafoni ile. Waliamkiana na Abdulkarimu kama watu waliokula chungu kimoja, wakakaa bega kwa bega. Manyanga yalipoingia, Kasmiri alitikisa kichwa taratibu kuyafuata. Jina la Abdu lilipoitwa hakushtuka.

"Pumzi ni yako," alisema wimbo ulipoisha. "Sijawahi kukataa."

"Wala hujawahi kusema."

"Kweli, sijasema."

"Basi kaseme redioni, Kasmiri. Mara moja tu."

Kasmiri aliifuta nishani kwa kidole gumba. "Wajukuu zangu wanaringa shuleni kwa hili jina, Abdu. Sasa nikawaambie babu yao alikuwa mtu wa manyanga?"

"Ulikuwa mtu wa manyanga mzuri."

"Najua. Lakini nani anatoa nishani kwa manyanga?" Alikunywa maziwa yake yakaisha, akamshukuru Doto kwa Kisukuma, wabeja sana, akapanda bodaboda.

Abdulkarimu alitegemea kukasirika mpaka usiku. Hasira ilikuja kweli, ikakaa naye kidogo, lakini jike aligeuka ubavu wa kulia na upande B ulikuwa na wimbo alioupenda tangu ujana, akajikuta anaupigia mguu.

Tangu hapo vikao vilihamia Mkula. Mvua zilipoanza kunyesha yule jike akazaa, ndama wa kike, naye ana baka usoni. Majirani walikuja kumwona ndama na kusikiliza upande A, kila mtu na kigoda chake. Mfugaji mmoja aliomba wimbo wa pili urudiwe, akaambiwa ng'ombe harudishwi nyuma, asubiri.

Ndama alipoanza kuonja majani, akajifunza kucheua. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili na wote walikuwapo. Alijilaza kando ya mama yake, akatafuna, na magitaa yakatoka kwa sauti nyembamba. Ilikuwa "Shija Rudi". Beti zikapita, tarumbeta zikajibu, mwimbaji akaita, "Lia, Kasmiri, lia!"

Bundala alitazama chini. Nguzo ya zizi ilikuwa na redio, nayo huwashwa kila siku, Jumamosi ikiwamo, ili ng'ombe watulie wakikamuliwa.

"Amelelewa na redio, mzee," alisema. "Niwie radhi. Nitaitoa."

"Ngoja kwanza nimhamishe huyu," alisema Hamimu, akiinuka kumbeba ndama.

"Mwache," alisema Abdulkarimu. "Mtoto hana kosa, amesema alivyosikia." Moyo ulikuwa umemchoma, hakuficha, aliweka mkono kifuani na kuukanda mpaka maumivu yakalegea. Kisha akavuta kigoda chake, akakiweka katikati ya wale wawili.

Mama naye alikuwa amefika kwenye wimbo wa tatu. Saksafoni zilitoka pande zote mbili, moja ikiwa na kikohozi na nyingine bila, na Abdulkarimu alizitambua zote mbili kwa pumzi yake. Alitabasamu, akamwomba Doto maziwa zaidi. Wakaendelea hivyo, mama akiita Abdu, ndama akiita Kasmiri, mpaka ukafika muda wa kukamua.