Pale Pana Mwenyewe

Siku ya kuletwa posa, shangazi alinijia na ufagio. Alitaka kuondoa utando wa buibui juu ya kochi.

"Mwanamke mzima, kila jioni unakodolea mdudu macho. Wakwe watasema nini?"

Mimi ni fundi cherehani, na sijaona anayetia kiraka kama yule buibui. Nikamnyang'anya ufagio, nikaukalia.

Wageni wakaingia. Mama wa bwana harusi akatazama juu, akakunja uso.

"Mwanangu, humu hamfagii?"

"Tunafagia kila siku, mama. Pale pana mwenyewe."

"Ukija kwetu utayaacha hayo."

Shangazi akanikanyaga mguu, nimeze jibu.

"Basi nabaki kwetu, mama," nikasema, nikawamiminia chai ya kuwaaga.