Sauti Iliyomkera Bosi

Mwanamke aliyeendesha foklifti kwenye ghala la vigae aliitwa Mama Foka na kila mtu, hata na mumewe akiwa na furaha. Kigari chenyewe kilikuwa kifupi, kina meno mawili ya chuma mbele, na kilinyanyua mizigo ya kuvunja migongo ya wanaume. Ukishabeba mzigo huoni mbele, kwa hiyo nusu ya kazi yake aliifanya kinyumenyume. Ndiyo maana waliokitengeneza walikifungia king'ora mkiani. Ukiingiza gia ya nyuma kinalia chenyewe, pii, pii, pii, sauti kali ya kupenya hata masikio yaliyozibwa, na anayesikia anasogea.

Lakini ofisi ya bosi ilikuwa ghorofani, na kibaraza chake kilitazama ghala zima. Bosi alikuwa mtu wa simu. Akasema hiyo pii inamtoboa kichwa, hasikilizani na wateja. Fundi umeme akaitwa, waya ukakatwa. Roho za watu wote waliokuwa chini ziliwekwa kwenye mzani mmoja na kichwa cha mtu mmoja aliyekuwa juu, na kichwa ndicho kilichoshinda!

Wafanyakazi wakajibunia utaratibu wao. Mama Foka akitaka kurudi alipaza sauti, "Narudiii!" Mpakiaji aliyekuwa karibu aliangalia nyuma ya foklifti, kisha akajibu, "Rudi!" Bila jibu, harudi. Walimtania kwamba hata nyumbani hapigi hatua moja kinyumenyume mpaka mumewe aitikie. Bosi naye alifurahi. Alisema sauti ya binadamu haimsumbui kama ya mashine.

Ghala hilo lilifagiwa na wifi wa Mama Foka, dada mdogo wa mumewe. Mama Foka mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Binti alipoajiriwa, king'ora kilikuwa kimeshanyamazishwa. Hakuwahi kukisikia hata siku moja.

Ikafika siku ya wageni. Walikuwa wanunuzi wakubwa, na walitaka kuona kwa macho yao kama wafanyakazi wanalindwa. Asubuhi likaletwa boksi: kofia ngumu, vizibao vya kung'aa, na vile vikombe vya kuziba masikio, maana misumeno ya kukatia vigae ilikuwa na kelele za kuua masikio kweli. Mama Foka akapekua boksi mpaka chini. Wifi yake alikuwa amevaa kandambili.

"Bosi, buti ziko wapi?"

"Picha zitapigwa kuanzia kiunoni," bosi akasema, na wala hakuwa anatania.

"Na hivi vikombe, wakivaa, watanisikiaje nikiita?"

"Mama, una maneno wewe! Vaeni leo, kesho mtavua."

Wakavaa. Mama Foka vyake alivining'iniza shingoni, maana yeye alihitaji kusikia jibu.

Gari la wageni lilipofika getini, foklifti ilikuwa imeziba njia, na mzigo mzito kwenye meno. Akaita, "Narudiii!" Kimya. Wapakiaji walikuwa wamempa mgongo, kila mmoja na vikombe vyake masikioni. Akaita tena, koo likamuuma. Getini honi ikapigwa. Ndipo katikati ya makelele ya misumeno ikasikika sauti ya mwanamume: "Rudi!"

Akageuza shingo, akaona njia nyeupe, akaachia breki. Jibu ni jibu, na mguu wake ulishazoea. Wifi yake alichomoka kati ya marundo ya vigae, anafagia kinyumenyume, kizibao kinang'aa, masikio yamezibwa. Gurudumu likampanda mguu.

Mama Foka aliruka chini. Alipoinua macho kutafuta msaada alimwona bosi kibarazani, mkono bado uko hewani, ule wa kumharakisha mtu. Hapo ndipo alipoitambua sauti.

Hospitali wakamkata binti vidole vitatu. Kesho yake bosi akawakusanya wafanyakazi na kutangaza, uso mkavu, kwamba ni uzembe wa dereva, kurudi bila kujibiwa.

"Ulinijibu wewe!" Mama Foka akasema mbele ya wote.

"Mimi? Nani alinisikia?"

Wapakiaji wakatazama chini. Hawakuwa waoga, kweli hawakusikia. Bosi aliwaziba masikio kwanza, kisha akauliza nani alisikia. Huyo mtu hakuwa na mshipa wa aibu. Akamalizia kwamba dereva asubiri barua ya kuachishwa kazi, na kwamba kampuni haitamtibu mtu aliyeumizwa na ndugu yake.

Nyumbani nako hakukukalika. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kama alimpeleka mtoto wa watu kazini ili akamkanyage. Hilo Mama Foka alilimeza. Lililomkaba ni swali la wifi mwenyewe, kitandani, mguu umefungwa bandeji: "Wifi, kwani hukuita?"

"Niliita, mdogo wangu."

"Mbona sikusikia?"

Baada ya siku chache akaja mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja mfupi mwenye buti zake mwenyewe. Bosi alimganda kama kupe, akimweleza kuhusu madereva wazembe. Mkaguzi hakubisha. Alitaka tu aonyeshwe jinsi wanavyorudi nyuma. Simu ya bosi ikalia, naye, kama kawaida yake, akapanda kuipokelea ofisini.

Mama Foka akanyanyua mzigo uleule, misumeno imezimwa. Mkaguzi akazunguka nyuma ya foklifti, akainama kutazama magurudumu.

"Narudiii!"

Hakuna aliyejibu. Tangu ajali ile, wapakiaji walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna atakayefungua mdomo kama nyuma kuna mtu. Mama Foka akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Rudi!" bosi akafoka kutoka kibarazani, simu sikioni. "Rudi bwana, mbona kila siku mnanipigia kelele? Naongea na watu!"

Mama Foka akazima injini. 

"Nyuma yangu kuna nani, bosi?"

Bosi akainama kwenye ukingo, akachungulia. Marundo ya vigae yalimfichia kila kitu.

"Nakuuliza! Umesema nirudi. Nyuma yangu kuna nani?"

"Kuna... hakuna mtu."

Mkaguzi akajitokeza, anajipangusa vumbi magotini. Akamwinulia bosi macho. "Shuka," akamwambia. "Na hiyo simu ikate."

Mpakiaji mmoja alianza kucheka, akaacha. Halikuwa jambo la kuchekesha.

Barua ya kumwachisha kazi Mama Foka haikuandikwa tena. Kampuni ikabeba matibabu, si kwa hiari. Fundi umeme akarudishwa kuunga waya, na alimaliza kabla chai yake haijapoa. Mama Foka alisimama pale akimtazama, na badala ya kufurahi akajikuta anahesabu dakika.

Fundi alipoondoka, alipanda kitini, akampigia simu wifi yake. Akakanyaga breki hadi mwisho, akaingiza gia ya nyuma, akainyoosha simu dirishani.

Pii, pii, pii.

"Umesikia?"

"Hiyo ndiyo sauti yenyewe?"

"Ndiyo hiyo."

 Kisha wifi akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha:

"Kumbe ni hiyo tu?"