Binti wa Mzee wa Madyan

Kila Alhamisi baada ya alasiri, wanawake wa mtaa walipanda orofani kwa Ruba binti Kamaludin kusikiliza hadithi zake. Ruba alikuwa na mtindo wake. Aliwachukua wanawake wa vitabu vitakatifu, wale wanaotajwa kidogo kisha wakasahauliwa, akawapa moyo wa kupenda na usingizi wa mang'amung'amu.

Majuma yale alikuwa akimsimulia binti wa mzee wa Madyan, yule aliyemwendea Nabii Musa kisimani kwa haya kumwita kwa babake. Kisha Nerea, muuguzi kutoka Homa Bay aliyepanga chumba cha chini, akamwambia kwamba katika Taurati hadithi haiishii kisimani. Huko binti anaitwa Sipora, na baada ya ndoa mumewe alimrudisha kwa babake. Muda ukapita, hata mzee akamchukua mwenyewe kumpeleka kwa mumewe jangwani.

"Musa akatoka kumlaki mkwewe," Nerea alisema. "Akainama, akambusu, wakaulizana hali, wakaingia hemani."

"Na mke?"

"Mke hatajwi tena hapo."

Ruba mwenyewe alikuwa amerudishwa. Mumewe Dawud, fundi wa mashine za boti wa Kizingitini, alimleta kwa babake Lamu alipopata kazi Salala, Omani. "Kaa kwa babako, nitakuita," alimwambia. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye simu zikawa za Idi hadi Idi. Ruba bado alilala upande mmoja wa kitanda. Akisikia mashine ya boti ikigoma kuwaka gatini, moyo ulimwenda mbio, kisha akajionea aibu.

Na sasa jirani yake, Mwana, alikuwa ameleta habari kwamba Dawud amerudi Kizingitini tangu mwezi uliopita. Bwana Kamaludin, aliyesomesha chuo cha Kurani maisha yake yote, aliposikia alisema tu, "Atakuja. Ndia ya huku aijua."

Alipojua hadithi itaendelea hadi hemani kwa Musa, alimwonya bintiye kwa upole. "Simulia, mwanangu. Ila Mtume Musa usimtungie maneno."

Kwa hiyo Alhamisi ile Ruba alisimulia habari za yule mke tu. Alisimulia vumbi la safari, na jinsi alivyojifunga ushungi upya alipoona moshi wa kambi. Akasimulia viatu vya mumewe mlangoni pa hema, na sauti za wanaume wawili ndani, na yeye nje, akiijua moja katika zile sauti kama ajuavyo pumzi zake.

"Musa akamwambiaje?" Mwana aliuliza.

"Hilo silisemi."

"Basi yeye alitaka aambiwe nini?"

"Alitaka aulizwe," Ruba alisema. "Aulizwe alikuwaje siku zote zile."

Alipofuta macho, hakuna aliyejifanya hakuona.

Jumamosi asubuhi alivaa buibui, akamuaga babake, akapanda boti ya abiria ya kwenda Kizingitini. Mzee hakumzuia wala hakumruhusu.

Alimkuta Dawud chini ya kipaa cha makuti karibu na wanunuzi wa kamba wa baharini, mashine imefunguliwa mbele yake. Alikuwa amekonda. Alipoinua uso, aliuficha mkono wa kulia chini ya kikoi, lakini Ruba alikuwa ameshaona vidole viwili havipo.

"Ruba."

"Mwezi mzima," alisema Ruba. "Mwezi mzima uko hapa, na mimi niko pale."

"Mashine ilinikata kule Salala, wakanirudisha. Nilitaka kwanza nione kama bado naweza kazi. Nisije kwa babako hivi."

"Mimi niliuliza kazi?"

Dawud aliinamisha kichwa. Ruba akaketi kwenye gogo, akauvuta ule mkono kutoka kikoini, akauweka mapajani mwake. Ulikuwa na mafuta ya mashine. Kovu lilikuwa bado jekundu.

"Kunauma?"

"Kukiwa na baridi." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe? Ulikuwaje huko?"

Ruba alikuwa amelibeba jibu muda mrefu sana, na sasa hakujua aanzie wapi. Akaanza na homa aliyougua mwaka wa kwanza ambayo hakumwambia. Akaja kwenye jioni za kungoja simu, na hasira yake, ambayo alimwambia wazi kuwa haijaisha. Dawud alisikiliza bila kujitetea. Nahodha wa boti ya kurudi alipoita abiria, Ruba aligeuka akamtazama, lakini hakuinuka.

Boti ilipoondoka alimpigia babake.

"Baba, niko kwa mume wangu. Leo sirudi."

Bwana Kamaludin akamuuliza kama amekula.