Matanga ya Ngozi ya Mtu

Tangu walipomkata titi la kushoto kwa ajili ya saratani, Sesilia wa Gare alikuwa akitembea na maharage kifuani. Alishona kifuko cha kitambaa cha kanga, akakijaza maharage mpaka kikalingana uzito na mwenzake wa kulia, akakiingiza kwenye sidiria, akaenda zake misa. Hakuna aliyejua. Masika yalipomlowesha njiani akitoka sokoni Lushoto, maharage yakaota. Alicheka peke yake jikoni huku akiyachambua, kisha kicheko kikamwishia mdomoni, maana hakuwepo wa kukipokea. Mumewe alikuwa kaburini, na wanawe walioko Dar es Salaam walikuwa watu wa kupiga simu Jumapili, tena wakiwa barabarani wanakimbilia kwingine.

Si kwamba alitaka titi la kuonyesha watu. Wa kuonyeshwa alikwisha zikwa. Alitaka kuoga bila kugeukia ukuta, basi.

Ndiyo maana aliposikia hospitali imepata daktari bingwa mgeni anayetengeneza matiti upya, aliwahi benchi kabla mlango haujafunguliwa. Daktari Hadija, binti wa Tanga aliyekuwa akimsaidia huyo bingwa, alimwamkia shikamoo kwanza, ndipo akamweleza. Wangemwekea mfuko laini wa silikoni. Lakini ngozi ya kifuani ilikuwa imebaki nyembamba, na mfuko ukiachwa peke yake ungeshuka. Kwa hiyo chini yake wangeshona kipande cha ngozi nyingine ili kiushikilie.

"Kama mbeleko inavyoshika mtoto," alisema Hadija, akamwonyesha picha. Kitu cheupe, kimelala kama chapati ambayo haijaona moto.

"Ngozi ya mnyama gani hii, mwanangu?"

"Ipo ya wanyama, mama, lakini tuliyo nayo sisi ni ya mtu. Alifariki, akawa ameacha ruhusa. Imeoshwa, chembe zake zote zimetolewa, zimebaki nyuzi tu. Damu yako itaingia humo taratibu, mwishowe itakuwa yako."

"Mtu gani?"

"Jina halitolewi."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Hata hilo sijui, mama."

"Na matanga yake yalikwisha anuliwa?"

Hadija akaweka kalamu chini.

Sesilia akamweleza, polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Kwao nguo ya marehemu haivaliwi hovyo. Ndugu hukaa chini kwanza, wakalia, wakamaliza, ndipo nguo zikagawiwa mbele za watu. Anayevaa kabla ya hapo ameiba. "Na hii si nguo. Hii ni ngozi. Nitaivaaje, na sijui kama mwenyewe alililiwa?"

"Hilo sina jibu lake," alisema Hadija, na alisema kweli. "Bingwa anaondoka mwisho wa mwezi. Ukiamua, nipigie. Ukikataa, si kosa."

Sesilia hakutaka kukataa. Alipanda kurudi Gare akiligeuza neno lile kichwani, na asubuhi yake akatoa viti nje, akatandika mkeka sebuleni, akawasha uani moto wa magogo, akajifunga kanga, akakaa chini. Kama marehemu hakukaliwa matanga, atamkalia yeye.

Moshi wa namna ile haufichiki. Wanawake wa jumuiya walifika na kuni kichwani, nyuso wamekwisha zikunja tayari.

"Pole, Sesilia. Nani jamani?"

"Ndugu."

"Ndugu yupi? Mwili unatoka wapi?"

"Hauji. Alizikwa huko huko, mbali."

"Jina lake?"

"Silijui."

Wakatazamana. Mmoja akakumbuka ameacha sufuria motoni, mwingine akakumbuka mtoto. Waliondoka wawili wawili, na wa mwisho alibeba na kuni zake.

Akabaki Devotha, jirani ambaye mdomo wake uliogopwa Gare nzima. Hakubaki kwa huruma. Alibaki kwa sababu hakuwa ameambiwa.

"Haya, sema. Mimi sirudi nyumbani na njaa ya habari."

Sesilia akaingiza mkono kifuani, akatoa kifuko cha maharage, akakiweka mkekani katikati yao. Akasema yote, macho yake yakiwa chini.

Devotha akakibonyeza kifuko. Akakibonyeza tena.

"Mwaka mzima nakuonea wivu kanisani," alisema. "Nasema, huyu kwa umri huu bado kasimama vile, anakula nini? Kumbe unavaa unachokula!"

Sesilia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na akiwa mwanamume?" Devotha akauliza.

"Basi ni mwanamume."

"Utaota ndevu kifuani, shoga."

"Nitanyoa."

Kisha Devotha akavua viatu akakaa vizuri, maana matanga ni matanga. "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtoaji."

"Unajuaje hakuwa mwizi?"

"Mwizi gani anaacha mpaka ngozi yake?"

Devotha akapiga ishara ya msalaba. Wakasali. Devotha akalia kidogo, kwa ustadi, kama mtu aliyelia misiba mingi. Sesilia alijaribu kumpa marehemu sura, ikamjia ya mtu aliyeketi peke yake nyumbani, hana wa kuuliza, anafikiri nani atabaki na ngozi yake. Ndipo machozi yakamtoka ya kweli.

Jua liliposhuka Devotha akaenda kukamua ng'ombe wake. Nyumba ikawa kimya kuliko ilivyokuwa kabla ya msiba.

Asubuhi Sesilia akazoa majivu, akafagia uwanja wote, akapiga simu.

"Daktari, mimi Sesilia wa Gare. Matanga tumeanua. Ngozi nimegawiwa mimi, mbele ya watu."

"Watu wengi, mama?"

"Mmoja. Lakini ana mdomo wa watu wengi."

Hadija akacheka, akamtajia siku ya kulazwa. Kisha akauliza nani atamsindikiza.

Sesilia akatazama uani. Viti vilikuwa bado nje, vimelowa umande, hakuna aliyevikalia.

"Kuja nakuja peke yangu, mwanangu," alisema. "Kurudi ndiyo nitakuwa na mtu."