Mama wa Ubatizo Avuka Mlima

Theluji ilikuwa imeporomoka na kuziba barabara usiku kucha, na ubatizo ulikuwa siku hiyo hiyo, ng'ambo ya mlima.

"Tusubiri trekta ije kuondoa theluji," alisema Besarioni, akimimina chai.

Tsiuri, mkewe, alikuwa ameshavaa koti. Mtoto anayebatizwa alikuwa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yake Eteri. Alifunga mikate ya nyama kwenye kitambaa, akaibeba mgongoni, akashika fimbo. Nargiza, dada yake Besarioni, alikuwa mlangoni tayari. Yeye ndiye mama wa ubatizo. Bila yeye padri asingeanza.

"Wifi, magoti yako yatafika?" Tsiuri aliuliza.

"Yangu yatafika. Wewe angalia hayo makalio yasikurudishe nyuma."

Walipanda alfajiri, theluji ikiwa bado ngumu kama sakafu. Chini bondeni maua ya kwanza ya zambarau yalikuwa yametoboa weupe, na mto ulisikika ukinguruma chini ya barafu. Nargiza aliongea njia nzima: mara kuku wake, mara kaka yake mvivu.

Walipofika kwenye mteremko mkali, jua lilikuwa limeshaanza kuugusa na kuilainisha theluji. Tsiuri alisimama.

"Hapa tunapita mmoja mmoja. Na kimya, wifi, theluji isituporomokee. Kimya!"

"Kwani mimi naongeaga sana?"

Tsiuri akatangulia, akafika kwenye mwamba salama, akageuka. Nargiza alikuja polepole, midomo ameibana kama mtu aliyeficha peremende. Katikati, theluji ikakatika. Mguu mmoja ukazama mpaka pajani. Akavuta. Wapi! Vipande vidogo vya theluji vikaanza kubingirika kutoka juu.

Tsiuri aliviona. Hakuthubutu kupiga kelele. Akamwonyesha kwa mikono: acha kiatu, vua, njoo! Nargiza akatikisa kichwa. Kilikuwa kiatu kipya. Tsiuri akamkunjia ngumi. Ndipo Nargiza akauchomoa mguu ukiwa na soksi tu, akaja mbio kwa kutambaa. Alipoukumbatia mwamba, theluji yote ya katikati iliteremka kwa mvumo mzito, na kiatu ndani yake.

Walibaki wameshikana. Kisha Nargiza akavuta pumzi.

"Sasa naruhusiwa kuongea?"

Tsiuri alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akavua skafu yake ya sufu, akaufunga mguu wa wifi yake, akauvika mfuko wa nailoni juu. Upande wa pili wa mlima ulikuwa mpole, wakauteremka kwa kukalia makoti yao, wakipiga vigelegele kama wasichana.

Kanisani watu walikuwa wamekata tamaa. Eteri aliwaona mlangoni, akashika mdomo.

"Mama! Shangazi! Mmepitia wapi?"

"Tumepita juu," alisema Nargiza, akimpokea mtoto. "Padri, anza. Mguu wangu unaganda."

Mtoto alipiga chafya, watu wakacheka, maji yakamiminwa.

Jioni, mezani, Nargiza aliwasimulia wakwe wa Eteri safari nzima. Kila aliposimulia upya, mteremko ulizidi kuwa mkali na theluji iliyoporomoka ikawa kubwa kuliko kanisa. Wakwe wakamgeukia Tsiuri kwa macho ya mashaka.

"Kweli kabisa," alisema Tsiuri, akimkatia wifi yake kipande kingine cha mkate. "Na hapo bado amepunguza."